Petisheni ya kuwatetea punda wa mizigo nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Petisheni ni kitu gani hasa?

Ni ombi la maandishi ambalo mtu au kundi la watu hupeleka kwa mamlaka ya umma wakiitaka ichukue hatua fulani. Kenya haki hiyo imeandikwa mara mbili katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha petisheni kwa mamlaka za umma, na kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Kwa upande wa kaunti, haki hiyo imo katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: kifungu cha 15 kinahusu Bunge la Kaunti, na cha 88 kinahusu serikali ya kaunti yenyewe.

Ukiishika sheria hiyo, ofisi haiwezi kuitupa barua yako kapuni kimyakimya. Lazima ipokelewe, iandikwe na ijibiwe. Hapo ndipo petisheni inapotofautiana na malalamiko ya kwenye simu.

Naona punda wanateseka kila siku. Nianze na lipi?

Anza na jambo moja unaloweza kulionyesha kwa kidole. "Ukatili kwa punda" ni jambo pana mno, hakuna kamati itakayojua ianzie wapi. Nenda penye punda ukae asubuhi nzima na daftari: kwenye kisima, kwenye stendi ya mikokoteni, kwenye gati wanaposhusha saruji. Tazama mzigo, tandiko, maji na kivuli.

Mambo yanayojirudia ni machache. La kwanza ni uzito. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko minne mgongoni ni kilo 200, nao punda wengi wa kwetu wenyewe hawafiki uzito huo. La pili ni vifaa. Kamba ya nailoni hainyonyi jasho, basi inakata ngozi chini ya mkia, kwapani na kifuani. Shogi, yaani mfuko wa mizigo unaoning'inia pande mbili za punda, lisilo na godoro la magunia chini yake hukaa juu ya uti wa mgongo na kuchubua. Kwenye mikokoteni kosa kubwa ni nira ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu na shingo, punda hana nundu. Yeye huvuta kwa kifua, na ukimvisha nira ya mti mzigo wote unaangukia mfupa wa bega. Vidonda vya mahali hapo haviponi, kwa sababu kesho asubuhi anavishwa tena. La tatu ni maji: mnyama anayebeba madumu manne ya lita 20 safari baada ya safari, mara nyingi hapewi hata ndoo moja.

Chagua moja kati ya hayo, au mawili yanayotibiwa na mamlaka ileile.

Nipeleke kwa nani: kaunti au Bunge la Taifa?

Hapa ndipo petisheni nyingi hufa kabla hazijasomwa, kwa hiyo soma Jedwali la Nne la Katiba kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Sehemu ya pili ya jedwali hilo imewapa kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Minada ya mifugo, machinjio ya kaunti na udhibiti wa magonjwa ya mifugo pia ni kazi ya kaunti.

Kwa hiyo birika la maji sokoni, kivuli kwenye stendi ya mikokoteni, kikomo cha mzigo, kliniki ya kila wiki na marufuku ya nira ya mti vyote mlango wake ni Bunge la Kaunti. Ukitaka Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, irekebishwe, au sera ya nchi kuhusu biashara ya ngozi za punda ibadilike, nenda Bunge la Taifa. Petisheni ya birika moja la maji ikipelekwa Nairobi itakurudia baada ya miezi na jibu la mstari mmoja.

Ni lazima nianze na ofisi nyingine kabla ya Bunge?

Ndiyo. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinataka petisheni iseme kama kuna juhudi zilizofanywa kulipeleka jambo kwa chombo kinachohusika, na kama kilijibu au jibu lake halikuridhisha. Andika barua kwa mkurugenzi wa huduma za mifugo wa kaunti, nakala kwa waziri wa kaunti anayesimamia kilimo na mifugo. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, nayo uiweke.

Katika barua hiyohiyo, au kando, omba taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016: kuna punda wangapi kwenye kaunti, kuna madaktari wa mifugo wangapi, bajeti ya ustawi wa wanyama mwaka huu ni kiasi gani, na watu wangapi wameshtakiwa kwa ukatili. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya, kimya chenyewe unakiandika kwenye petisheni pamoja na tarehe.

Nahitaji ushahidi wa aina gani?

Hesabu kwanza, picha baadaye. Tengeneza jedwali dogo: tarehe, saa, mahali, aina ya mzigo, idadi ya mifuko au madumu, kidonda kipo au hakipo na kiko wapi mwilini. Hesabu kila punda anayepita, mzima na mgonjwa. Hili tunalisisitiza kwa sababu wengi huwaandika wenye vidonda tu, halafu mjumbe wa kamati anauliza, "Kati ya wangapi?" na hakuna jibu. Siku nne za hesabu mahali pamoja, mbili kati yake zikiwa siku za soko, zinatosha kuanzia.

Picha ipigwe karibu, kidonda kionekane na kitu cha kupimia kiwe kando, hata kiberiti kinafaa. Usimwonyeshe mwenye punda uso wala usiandike jina lake. Unatafuta sheria ya watu wote. Ukimwanika mtu mmoja kwenye mtandao umejitafutia kesi ya kumchafulia jina na umewafukuza wenzake wote upande wako.

Kisha pata maoni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, yakiwa yameandikwa na kutiwa sahihi. Hasa kama unaomba kikomo cha uzito, kilo ziwekwe na daktari, zisitoke kichwani mwako.

Na takwimu za nchi nzima?

Zitumie zikiwa na jina la aliyezitoa na mwaka. Mfano mzuri ni ripoti ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ya 2019: punda 301,977 walichinjwa Kenya kuanzia Aprili 2016 hadi Desemba 2018, yaani asilimia 15.4 ya punda wote. Weka kando yake jambo ambalo kila mfugaji analijua, kwamba punda hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, na msomaji atajimalizia hesabu. Takwimu isiyo na mwenyewe iache, hata kama inatisha.

Waraka wenyewe uandikweje?

Kurasa mbili zinatosha. Masharti ya Bunge la Taifa ni haya, na kaunti nyingi zimefuata mfano huo, ila chukua nakala ya Kanuni za Kudumu za kaunti yako kwa Karani wa Bunge la Kaunti uhakikishe:

- uandikwe kwa mkono, kwa taipu au uchapishwe, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima;
- usiwe na maneno yaliyofutwa wala yaliyochomekwa kati ya mistari;
- useme unaelekezwa kwa nani;
- kila karatasi iwe na kichwa cha jambo linaloombwa;
- useme juhudi zilizofanywa, na kama jambo liko mbele ya mahakama yoyote;
- umalizie kwa ombi lililo wazi;
- uwe na majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi au alama za kidole gumba, zote zikiwa zimeandikwa moja kwa moja kwenye petisheni, si kubandikwa;
- usiambatanishwe barua, viapo wala hati nyingine.

Sharti la mwisho huwashangaza wengi. Picha zako, barua ya daktari na jedwali la hesabu havigandishwi nyuma ya petisheni. Vitunze kwenye faili. Utavitoa kamati itakapokuita. Ndani ya waraka unaeleza tu kwa ufupi kile ulichokikuta.

Umbo lake ni hili:

*KWA BUNGE LA KAUNTI YA (jina). Sisi tuliotia sahihi hapa chini, wakazi wa (mahali), tunalieleza Bunge hili kwa heshima:*

*KWAMBA katika siku nne za mwezi (mwezi na mwaka), kwenye stendi ya mikokoteni ya (mahali), punda (idadi) walihesabiwa, na (idadi) kati yao walikuwa na vidonda vya bega vilivyosababishwa na nira ya mti;*

*KWAMBA jambo hili lilipelekwa kwa mkurugenzi wa huduma za mifugo wa kaunti kwa barua ya tarehe (tarehe), na hadi leo hakuna jibu;*

*KWAMBA jambo hili haliko mbele ya mahakama wala chombo chochote cha kisheria;*

*KWA HIYO waombaji wenu wanaliomba Bunge hili…*

Baada ya "wanaliomba Bunge hili" niandike nini?

Hapa ndipo uzito wote ulipo. Andika kitu ambacho mwaka ujao mtu anaweza kwenda kukiangalia na kusema kimefanyika au hakikufanyika. "Serikali ikomeshe mateso ya punda" hakipimiki. "Kaunti ijenge birika la maji la lita 1,000 lenye bomba na kivuli kwenye stendi ya mikokoteni ya soko kuu kabla ya mwisho wa mwaka huu wa fedha" kinapimika, na afisa wa bajeti anajua akiweke wapi.

Maombi matatu yanatosha. Yapange kuanzia lile rahisi. Kaunti ikijenga birika, hata kama sheria ya nira imekwama kamatini, tayari kuna punda wanaokunywa maji. Epuka pia kuomba adhabu peke yake. Ukitaka nira ya mti ipigwe marufuku, omba papo hapo mafunzo ya kushona mikanda ya kifua na miezi sita ya kubadilisha vifaa, la sivyo unamwomba maskini alipe faini kwa kitu ambacho hakuna anayekiuza sokoni.

Sahihi ngapi zinahitajika?

Hata moja. Sheria haikuweka idadi ya chini. Lakini mwakilishi wadi huangalia ni wapigakura wangapi wa wadi yake wamo, na kwake sahihi 300 za watu anaowajua mitaa yao zina nguvu kuliko 20,000 za mtandaoni kutoka nchi asizozijua. Kwa petisheni ya soko moja lenga 500 hadi 1,000.

Karatasi za sahihi nizipange vipi?

Karatasi ya A4, mistari 15, kichwa cha petisheni na maneno ya ombi juu ya kila karatasi. Safu ni tano: nambari, jina kamili, anwani au kijiji, nambari ya kitambulisho, sahihi. Karatasi 70 zinabeba sahihi 1,050, lakini chapisha 90, kwa kuwa nyingine zitalowa, nyingine zitaharibika.

Beba ubao wa kuandikia, kalamu za wino mweusi, kidau cha wino wa kidole gumba, na vitambaa vya kufutia. Watu wazima wengi wanaofanya kazi na punda wangependa kuweka dole kuliko kuhangaika na kalamu mbele ya watu, na alama hiyo ni halali kabisa. Soma ombi kwa sauti kabla mtu hajaweka dole.

Makosa yanayoharibu karatasi: mtu mmoja kuwaandikia jamaa zake wote kwa mwandiko uleule, kitambulisho chenye tarakimu pungufu, wino mweupe wa kufutia, na karatasi yenye majina tu bila kichwa, ambayo hakuna anayeweza kuthibitisha ilikuwa ya ombi gani. Mstari ulioharibika upigwe mstari mmoja na usihesabiwe. Watoto wa shule wasitie sahihi, hata wakiwa na hamu namna gani.

Kwa mtu mmoja mezani, hesabu sahihi 20 kwa saa. Ukiona zinakuja 60, kuna watu wanatia sahihi bila kuelewa, na watakukana mbele ya kamati.

Nahitaji kibali kukusanya sahihi sokoni?

Meza na watu wawili si mkutano wa hadhara, lakini soko lina mwenyewe: zungumza na msimamizi wa soko na mwenyekiti wa wafanyabiashara siku moja kabla. Ukipanga maandamano au mkutano wenye vipaza sauti, Sheria ya Utulivu wa Umma inakutaka umpe taarifa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe.

Wenye punda wakinijia juu?

Watakujia, na wana haki ya kuuliza. Punda ndiye ada ya shule na unga wa jioni. Nenda kwao kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, kaa kwenye kijiwe chao, uliza mkanda mzuri unagharimu kiasi gani na daktari wa mifugo yuko umbali gani. Mara nyingi utakuta wanajua dawa ya tatizo kuliko wewe. Kinachokosekana ni vifaa, maji na daktari. Petisheni iliyotiwa sahihi na wenye mikokoteni 40 haipingiki. Iliyotiwa sahihi na wapita njia peke yao, mwenye mkokoteni mmoja tu anaweza kuivunja kwenye kikao kwa kusema, "Hawa hawatujui."

Methali inasema asante ya punda ni mateke. Ukihesabu madumu ya maji, magunia ya mahindi na matofali ambayo mnyama huyu ametubebea, deni liko kwetu.

Petisheni ya mtandaoni, kama ya Change.org, haina faida?

Inayo, kama mbiu. Inavuta waandishi wa habari na Wakenya walio Ulaya, Marekani na Ghuba. Ila majina yake yakichapishwa na kubandikwa kwenye karatasi hayatimizi sharti la sahihi za moja kwa moja. Zitumie zote mbili kwa maneno yaleyale, na Karani umpe ya karatasi.

Angalizo la pesa: kwenye Change.org, mtu anapobofya kuchangia baada ya kutia sahihi, fedha hizo hutumika kuitangaza petisheni kwenye jukwaa hilo. Haziji kwako wala kwa punda. Waambie watu wako mapema.

Nikishamkabidhi Karani, nini kinafuata?

Katika Bunge la Taifa, Karani ana siku saba za kukagua kama petisheni imetimiza masharti. Ikiwa na kasoro atakuelekeza urekebishe. Ikiwa safi inakwenda kwa Spika. Unaweza pia kupitia kwa mbunge, naye lazima atie sahihi yake, ingawa hawezi kuwasilisha petisheni yake mwenyewe. Baada ya kusomwa bungeni inakabidhiwa kamati, ambayo ina muda maalumu wa kutoa ripoti kwa waombaji. Omba nambari ya petisheni kwenye rejista ya Karani, maana bila nambari hiyo kila simu utakayopiga itaanza upya.

Kamati ikikuita, nenda na watu watatu: msemaji, daktari wa mifugo na mwenye punda. Dakika kumi zinatosha. Beba mkanda wa kifua uliotengenezwa vizuri na nira ya mti, viweke mezani, wajumbe wavishike kwa mikono yao.

Petisheni yangu ni ya kupinga uchinjaji wa punda kwa ngozi. Kuna la ziada?

Lipo. Februari 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kufungwa kwa machinjio ya punda, na Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha hatua hiyo. Kwa hiyo usiombe tangazo la waziri. Omba mabadiliko ya sheria yanayopita bungeni kwa ushiriki wa umma, ambayo ni magumu zaidi kuangushwa. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Litaje azimio hilo na uombe sheria ya nchi ilifuate. Kabla ya kuandika, hakikisha kwenye masjala ya mahakama kwamba hakuna kesi nyingine inayoendelea, kwa kuwa lazima useme hivyo kwenye waraka.

Na aliye Tanzania?

Huko kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ambayo tayari inakataza mambo mengi ambayo Kenya bado yanaombwa. Njia fupi ni ya chini: mkutano mkuu wa kijiji, kisha diwani, kisha halmashauri, ambayo ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Muone kwanza daktari wa mifugo wa wilaya. Mara nyingi sheria ipo na kinachohitajika ni itekelezwe.

Karatasi zenye nambari za vitambulisho za watu nizifanyeje?

Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwambie kila anayetia sahihi kwamba taarifa zake zinakwenda kwa Bunge kwa ajili ya ombi hili peke yake, na maneno hayo yachapishwe chini ya kila karatasi. Usizipige picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp, hata kuonyesha mmefika wangapi; tuma idadi tu. Jioni zihesabiwe, zifungwe kwenye bahasha na zikae kwa mtu mmoja anayejulikana. Siku ya kukabidhi, karatasi halisi zote zinakwenda kwa Karani, nawe unabaki na nakala ya waraka yenye muhuri na tarehe. Zilizoharibika na za ziada zichomwe moto mbele ya watu wawili.